Kiu ya Mapipa

11 Januari

Mdogo wangu, Fundi Cheche,

Najua unavyoruka salamu kutafuta habari, kwa hiyo safari hii salamu zenyewe nimezijaza habari. Sisi wazima. Goti la mama linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake uko imara kama ulivyouacha. Shemeji yako ameacha sukari na sasa anatuona sote wakosaji. Mpwa wako amefaulu mtihani wa udereva, anatuendesha roho zetu zikiwa mkononi.

Mama amepaka chumba chako rangi, tena. Mwaka jana alikipaka rangi ya maziwa. Mwaka huu kaona maziwa hayamfai mwanamume wa mabomba, kachagua kijani. Shuka zimo kabatini na mto umeanikwa juani. Mgeni yeyote akija kututembelea, anafunguliwa mlango atazame chumba kitupu na kukisifia.

Sasa jambo lenyewe. Mkurugenzi amenikabidhi mpango mkuu wa maji wa jiji, wa miaka hamsini ijayo. Nilimuuliza kwa nini mimi, na ofisi ina watu wenye vyeti virefu kuliko changu. Akasema, "Wengine wakikosea hesabu wanakwenda kula mchana. Wewe ukikosea huli." Sijui kama ni sifa, ila nimeichukua.

Ungeiona ofisi yangu ungecheka. Ghorofa ya tatu, ramani ya jiji imefunika ukuta mzima, na feni inapeperusha kona yake ya kusini mpaka nimeibana kwa kiatu cha zamani. Na chooni, katika Idara ya Maji, tuna ndoo na kopo, maana mtaa wetu wa ofisi nao una zamu zake. Kila mtaa unapata maji siku mbili kwa wiki, kama ulivyoacha.

Katika rasimu niliyorithi, kazi ya kwanza kabisa ni bomba kuu, lile la kutoka ziwani ng'ambo ya milima, ambalo tumelisikia tangu tukiwa tunavaa sare za shule. Unakumbuka ulivyomwambia mama siku ile ya kuondoka, kwamba likipitishwa utarudi ulichomelee mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Wewe pengine ulisema tu. Mama aliliweka moyoni. Nikirudi kazini haniulizi kama nimechoka, ananiuliza, "Bomba limefika wapi?"

Nakuombea mikono mizima na macho mazima.

Dada yako

*

9 Februari

Dada yangu, Mama Mpango,

Barua yako imenikuta juu ya bomba, kofia ya chuma kichwani, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Nikaificha ndani ya ovaroli nikaisoma wakati wa chai. Simu hapa kambini hazishiki ila gari la vyakula likienda mjini, na hata zikishika mimi napenda karatasi. Simu huwezi kuilalia chini ya mto.

Mimi sijambo. Vyumba vyetu ni makontena yaliyopangwa safu, mchana yanaoka watu, jioni yanapoa. Wamenipa maungio ya mwisho, yale ambayo pande mbili za bomba zimetoka mbali na lazima zikutane bila kosa. Sijisifu. Basi, najisifu kidogo. Mkaguzi akipita na mashine yake ya kupimia, kwangu hata hainami.

Lakini habari yako ndiyo imenivimbisha kichwa. Nimeitangaza kambi nzima: dada yangu anaupangia mji maji ya miaka hamsini! Mmoja akaniuliza, sasa akikosea nani atamlaumu, si atakuwa kaburini? Nikamwambia huyo humjui, atatoka kusahihisha. Mimi sikushangaa kupewa wewe. Ulikuwa msichana mdogo pale kwenye bomba la mtaa, sauti ndogo, kidole kirefu, ukawapanga wanawake wazima na ndoo zao: wenye watoto wachanga mbele, wanaofua nyuma. Na walikusikiliza! Mama alikuwa nyuma, kwa kuwa siku ile alikuwa anafua, na ulimwacha hukohuko. Mpaka leo nikiwasimulia watu hawaamini.

Mwambie mama kijani nimekipenda. Mwambie pia mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa. Msimamizi anataka nitie saini mwingine wa miaka mitatu, nikamwambia atulie, kwanza dada yangu amalize kupanga. Kila anayeniuliza hapa, "Utarudi kwenu lini?" jibu langu ni lile lile: bomba la kwetu likipitishwa. Wameshanibandika jina, Bwana Bomba la Kwao.

Kazi iko mikononi mwako, dada. Lipitishe nije.

Mdogo wako

*

2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka chini ya blanketi. Mafua yamenishika, pua nyekundu, mama ananinywesha maji ya moto kama anajaza boila. Wengine wote wazima. Shemeji yako amerudia sukari.

Barua yako nilimsomea mama mara mbili. Ile habari ya yeye kuachwa nyuma ya foleni ameikana kabisa. Ya mkataba kuisha mwezi wa tisa ilipofika, akatoka kwenda kufungua madirisha ya chumba chako.

Nikueleze kilichotokea hapa, maana sina mwingine wa kumweleza ambaye atacheka na kuelewa kwa pamoja. Jumanne nilikuwa nimelala sebuleni, na ilikuwa zamu yetu ya maji. Asubuhi koki ya uani ikaanza kukohoa upepo. Mama akaacha kila kitu akatoka. Nikamwona dirishani anaegemeza pipa la kwanza, limejaa, maji safi unaweza kuona kutu ya chini, akalimwaga lote mtaroni. Akafuata la pili.

Nikatoka na blanketi langu. "Mama, unafanya nini?"

"Maji mapya yamekuja."

"Na haya yana nini?"

"Haya ya juzi," akasema, kama anaongelea maziwa yaliyoganda.

Nikaenda mpaka getini. Mtaro ulikuwa unakwenda kasi utadhani mvua imenyesha, na jua linawaka. Kila ua walikuwa wanamwaga. Jirani yetu fundi cherehani alikuwa ameshusha mpira kutoka tangi lake la juu, anamwagilia barabara ya lami. Akanipungia mkono.

Mdogo wangu, mimi na wewe tumekua tukimwaga maji hayo. Ulikuwa unashika upande mmoja wa pipa na mimi mwingine. Kazi hii ya maji nimeifanya miaka na sikuwahi kuliona jambo hilo, kwa sababu ni kama kufagia, nani anaandika ripoti ya kufagia? Ofisini tunachukua maji yaliyopita kwenye mita, tunagawa kwa watu, kisha tunazidisha kwa watoto ambao hawajazaliwa. Tunasema mji una kiu kubwa na itaongezeka. Kumbe kiu ni ya mapipa, na mtaro unasaidia kunywa.

Nilipopata nafuu ya siku moja nikamfuata mkurugenzi. Nikamuuliza kwake nyumbani wana matangi mangapi, na siku ya zamu wanayafanyaje ya zamani. Akavua miwani. Akaanza kucheka mpaka katibu wake akachungulia mlangoni. "Na mimi ndiye ninayemhimiza mke wangu amwage mapema," akasema. Tukawaita wahandisi wote, kila mmoja anamwaga kwake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuliweka kwenye hesabu.

Mtu anamwaga kwa sababu haamini koki itarudi kufunguka. Akiwa na maji kila siku, atamwaga ili iweje? Ndilo ninalotaka kulijaribu. Niambie wewe unayejua mabomba: mabomba ya mtaani yaliyozoea kulala matupu siku tano, yakipewa maji mfululizo, yataanza kuachia wapi?

Mengine nitakuandikia. Bado napiga chafya.

Dada yako

*

28 Machi

Dada,

Pole na mafua. Hapa kila mtu ni mzima, ila mpishi amegombana na msimamizi na sisi ndio tunaolishwa hasira.

Habari ya mapipa nimewasomea wenzangu kwenye meza ya chakula. Mmoja kutoka nchi ya mbali kabisa akasema, "Hata kwetu tunamwaga." Na mwingine. Na mwingine. Dada, umekaa na blanketi na mafua ukaona kitu ambacho meza nzima ya watu wa mabomba hatujawahi kukiona. Nakuvulia kofia, na hapa kazini kuvua kofia ni kosa.

Swali lako. Yataachia kwenye mipira ya maungio. Bomba likilala tupu mpira unakauka na kusinyaa, ukiuletea maji ya nguvu unapasuka kama ndala ya zamani. Badilisheni hiyo kwanza, mtaa mmoja baada ya mwingine. Kisha fungueni valvu kidogokidogo, msiwe na pupa. Na mtu atembee juu ya bomba mchana kweupe kila baada ya kuongeza, aangalie ardhi iliyolowa. Mabomba yenyewe yatawaonyesha yanapoumwa.

Sasa nikutolee uvivu. Barua yako ina kurasa nne, na bomba kuu halimo hata kwa bahati mbaya. Mimi kazi yangu ni kutazama pande mbili na kuona mahali zisiposhikana. Unanificha nini?

Msalimie mama. Mwambie nanenepa, ni uongo lakini utamsaidia.

Mdogo wako

*

20 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Tu wazima wote. Mama anapunguza chumvi kwa amri ya daktari na anatupunguzia na sisi ambao hatuumwi. Mpwa wako amegonga geti, geti ndilo lililoumia.

Nimeandika barua hii na kuiacha mara kadhaa. Sasa napasua jipu. Kama kiu ya jiji ni ndogo kama ninavyoshuku, maji tuliyo nayo yanatosha kwa muda mrefu sana, ila tukiyatunza: tubadilishe maungio ulivyosema, tutoe maji kila siku badala ya zamu, tuulinde msitu ulio juu ya chemchemi, tuchimbe visima upande wa kaskazini. Bomba kuu litahitajika, lakini si kwetu. Litahitajiwa na watoto wa mpwa wako. Siku linawashwa, wewe utakuwa mzee unayeelekeza kwa bakora.

Ukiniuliza kama mhandisi, nimepata furaha ambayo sijawahi kuipata katika kazi hii. Kama dada, nasikia vibaya mpaka chakula hakipiti.

Hatujaamua bado. Kuna jaribio kwanza. Mtaa mmoja utapewa maji mfululizo kwa miezi miwili. Yakitumika machache kuliko wakati wa zamu, mpango wangu unakwenda baraza la jiji. Yakiongezeka, bomba kuu linabaki kazi ya kwanza, na wewe unakuja. Mtaa uliochaguliwa ni wetu. Uko mwisho wa tawi, una valvu moja na mita kubwa moja ya kuingilia, ni rahisi kuutenga. Nilipinga, nikasema mama yangu anakaa pale. Mkurugenzi akasema, "Vizuri, hatutakosa mtu wa kutuambia ukweli."

Kuna siku, nikiwa peke yangu na ramani, nilijikuta naomba jaribio lishindwe. Nikaona haya, nikafunga ofisi nikaenda kutembea.

Mama hajui. Usigusie kwenye barua zako, mimi ndiye ninayemsomea, na uso wangu unaujua.

Dada yako

*

15 Juni

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako. Najipa moyo kwamba ni gari la vyakula. Sisi wazima wa mwili.

Maungio ya mtaa yamebadilishwa yote, na mwisho wa mwezi uliopita tuliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule, alasiri. Watu walijaa mpaka madirishani. Nikasimama mbele na mchoro wangu, nikawaambia kuanzia Jumatatu koki zitakuwa na maji siku zote, asubuhi na jioni, na ombi letu ni moja, wasimwage. Wakapiga makofi. Wakauliza kuhusu rangi ya maji, nguvu yake, nani ataita mafundi. Nilikuwa najibu kwa raha zangu.

Ndipo fundi cherehani akasimama. "Mimi nataka kuelewa kitu. Tukitumia maji machache, lile bomba kuu litajengwa?"

Mama alikuwa benchi la pili, mkoba mapajani. Ningeweza kusema baraza ndilo litakaloamua, na isingekuwa uongo kamili. Nikasema, "Hapana. Mkitumia machache, halitajengwa sasa. Labda baada ya miaka thelathini."

Mtaa mzima unajua kwa nini chumba kile kinapakwa rangi. Hata aliyeuliza akageuka kumtazama mama, na akakaa chini haraka kama amechomwa na sindano zake mwenyewe. Mama akasimama, akajifunga mtandio vizuri, akatoka. Hakukimbia wala hakunitupia jicho.

Tangu siku hiyo ananisalimia kama ofisa wa serikali: "Habari za kazi?" "Nzuri, mama." "Haya." Basi.

Na anamwaga. Maji yapo kwenye koki wakati wote, na yeye anajaza mapipa matatu, anayamwaga, anayajaza tena. Zamani alikuwa anamwaga siku za zamu, sasa anamwaga kila anapojisikia. Mtaa unamtazama yeye, si mimi mwenye ramani. Mama akimwaga, jirani anamwaga, na kule kona wanamwaga. Mita kubwa inapanda badala ya kushuka. Mkurugenzi anazisoma namba, ananirudishia karatasi na kwenda zake.

Sijui kama ni mazoea au ni kwa ajili yako. Naogopa kumuuliza. Lakini nikuambie ukweli, hata akiwa mpinzani wangu namstaajabia. Mwanamke mmoja na mapipa matatu anashindana na Idara nzima, na mpaka leo anashinda.

Niandikie, hata kunitukana.

Dada yako

*

6 Julai

Dada,

Salamu. Mimi mzima. Barua zako mbili nimezipata.

Kazi inaendelea. Joto limeongezeka. Tumefika sehemu ya mawe na mashine zinaharibika.

Kuhusu mengine, fanya kazi yako kama ulivyosomea. Msimamizi ameniletea karatasi ya mkataba mpya. Iko mezani.

Msalimie mama na shemeji.

Mdogo wako

*

19 Agosti

Mdogo wangu,

Umetusalimia kama unalipia kila neno, nami nakurudishia salamu nyingi za bure. Sote wazima. Goti la mama limetulia, shemeji yako ameacha sukari kwa mara ya mwisho, anasema.

Barua yako haikuwa na cha kuficha, kwa hiyo nilimsomea mama kama ilivyo. Ilikwisha kabla hajakaa vizuri. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akauliza, "Huyu alikuwa anakuja kwetu, au alikuwa anakuja kwa bomba?"

Hakusubiri jibu, akaenda zake kulala mapema.

Asubuhi yake niliamka kwa kelele za uani. Nikatoka nikamkuta mama amekunja mikono ya gauni mpaka kwenye mabega. Mablanketi yote ya nyumba yamefuliwa, yamejaa kwenye kamba. Ua umesuguliwa, ngazi zimesuguliwa, hata gari la shemeji yako limeoshwa na mwenyewe hajaomba. Hakuna tone lililokwenda mtaroni bure. Na mapipa matatu yako chini juu, yamefudikizwa ukutani, na mama amekalia moja anakunywa chai.

Fundi cherehani alikuwa ameegemea ukuta wa katikati. "Mama, sasa maji yakikatika?"

"Binti yangu ndiye anayeyaleta. Yakikatika, najua mlango wa kugonga."

Jirani akatazama dirisha la chumba chako. "Na kijana wako?"

"Mwanangu ana miguu," mama akasema.

Nilisimama mlangoni na kanzu yangu ya kulalia nikalia kama mtoto. Mama akaniambia niache, nitalowesha ngazi alizokwisha kausha.

Jioni ile jirani akayafudikiza ya kwake. Kabla wiki haijaisha, ukipita mtaani unaona mapipa yamekaa chini juu kila ua, na watoto wameyafanya ngoma. Mita ikaanza kushuka. Ikashuka chini ya kiwango cha zamu, ikashuka chini ya nilichokiandika, na nilichokiandika wenzangu walikiita ndoto. Mkurugenzi alikuja mwenyewe na msoma mita, akasoma, akafuta kioo kwa leso, akasoma tena. Kisha akaomba kumsalimia mama. Wakazungumza habari za magoti.

Baraza la jiji limeupitisha mpango. Nakutumia ukurasa wa muhtasari. Maungio na maji ya kila siku, mtaa kwa mtaa. Halafu msitu, halafu visima. Bomba kuu lipo mwisho kabisa, limechorwa kwa nukta, na njia yake imetengwa asijenge mtu juu yake. Wajumbe walisimama kupiga makofi. Nilikuwa naiona mikono yao tu, moyo wangu ulikuwa huko kwenye makontena.

Mama ana maneno yake. Amesema niyaandike kama yalivyo, nisiyapambe:

"Nilikuwa namwaga kwa ajili yako. Nilijua ninachofanya, nilitaka bomba lije. Halafu nikajiuliza, nitamwaga maji ya watu mpaka lini ili nimvute mtu mzima? Dada yako alisema kweli mbele yangu na mbele ya watu, na ilimuuma, nilimwona. Mtoto aliyezaa moyo wa namna hiyo simpingi tena. Chumba kipo. Uje au usije ni wewe, lakini usiniletee tena habari za bomba."

Nilipomwambia "aliyezaa moyo" haisemwi hivyo, akaniambia kalamu ni yangu ila maneno ni yake. Basi ndiyo hayo.

Dada yako

*

14 Septemba

Dada yangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na sukari yake, kwa mpwa wangu na geti. Mimi mzima. Salamu za mama ziache, hizo nitampa mwenyewe, utaona huko chini.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikamsomea yule mwenzangu wa nchi ya mbali. Nilipofika pale pa "mwanangu ana miguu" akasema hapana, mama huyo ni wa kwao, tumemwiba.

Nilikukasirikia, usidhani sikukukasirikia. Niliona umenifungia mlango wa nyumbani kwa rula na kalamu. Nilipofika kwenye swali la mama ndipo nilipojiona. Miaka yote hii nilikuwa na jibu zuri mfukoni. Nikiulizwa utarudi lini, natoa bomba. Watu wanatikisa vichwa kwa heshima, na mimi nabaki hapa. Nilikuwa naogopa kuingia mtaani kwetu na begi tu, mtu aliyekwenda mbali na kurudi kama alivyoondoka. Nilitaka nifike na kitu kirefu nyuma yangu. Wewe hukunipokonya kitu, dada. Uliniondolea kisingizio tu.

Muhtasari wako nimeubandika ndani ya mlango wa kabati. Nimeutazama sana. Umewapangia maji watu ambao hata wazazi wao hawajakutana, ukaupangia msitu, ukaipangia ardhi nukta zake, na katika miaka hamsini yote hukuninyofolea hata kipande kimoja kwa kuwa mimi ni ndugu yako. Mwingine angeninyofolea. Mimi ningejinyofolea! Sijui mtu mwingine ninayemheshimu kama ninavyokuheshimu wewe. Na pale ukumbini, ulipojibu mama akiwa amekaa mbele yako, mimi ningesema baraza ndilo litakaloamua, ningekwenda kula mchana.

Usiniombee kazi kwa mkurugenzi. Nakujua, utaanza kuzungukazunguka mlango wake. Nitatafuta kama wengine.

Karatasi ya mkataba nimeirudisha kwa msimamizi leo asubuhi, haina saini. Akaitazama, akanitazama. "Bomba la kwenu limepitishwa?"

Nikamwambia halijapitishwa, na halitapitishwa nikiwa na nguvu zangu.

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

Watu walikuwa wamesimama kwenye foleni nyuma yangu, kambi nzima inayonijua kwa jina lile. Nikamwambia, "Nakwenda nyumbani."

Mdogo wako